Pesa ya Mchuuzi Ilale Wapi?

Utafiti wa FinScope wa mwaka 2023 ulikuta kwamba katika kila watu wazima 100 nchini Tanzania, 76 wanatumia huduma rasmi za fedha. Hesabu hiyo hutajwa kwa furaha, na furaha hiyo ina haki yake, maana mwaka 2017 walikuwa 65. Lakini ukiuliza ni wangapi wanaotumia benki, jibu linashuka hadi 22. Wengi wa waliobaki wanahesabiwa kwa sababu ya simu zao.

Mjadala huu nimeupeleka Kirumba, katika soko la Mwaloni jijini Mwanza, kwa sababu biashara ya dagaa inaonyesha waziwazi kwamba mfanyabiashara mdogo huhitaji mahali pa kuweka fedha kabla hajahitaji mkopo. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza, taa zikiwashwa juu ya maji kuwavuta. Mbalamwezi ikikomaa taa hazifui dafu, mitumbwi inapumzika na soko linapoa. Mama anayenunua kwa wavuvi na kuuza kwa sado au kwa gunia ana siku za kupokea na siku za kula alichopokea. Giza likirudi, mwenye mtaji mkononi hununua mzigo wa mwanzo. Asiye nao hukopa, na bei ya mkopo hupangwa na mwenye fedha. Swali lake kubwa, basi, si nani atamkopesha. Ni hili: faida ya siku njema ilale wapi mpaka giza lijalo?

Sauti zinazofuata nimezitunga mwenyewe kutokana na hoja zinazosemwa kweli sokoni, kwenye vibanda vya mawakala na maofisini. Sikuzipa majina. Pale nitakapokuwa na neno langu nitaingia.

OFISA WA BENKI: Shikamoo, mama. Niruhusu nianze kwa kuondoa dhana moja. Ule wakati wa benki kumtazama mwenye elfu kumi kana kwamba kapotea njia umepita. Ukiwa na namba ya NIDA na kidole chako, nakufungulia akaunti tukiwa tumesimama hapa hapa penye vichanja. Sitaki barua ya mtendaji, sitaki picha, sitaki mdhamini.

MCHUUZI WA DAGAA: Marahaba, mwanangu. Akaunti ninayo. Kwa kweli ninazo mbili. Moja nilifunguliwa na kijana aliyepita hapa akiwa na fulana na kalamu za kugawa. Ya pili ni ya kikundi chetu, kwa sababu tuliambiwa bila akaunti halmashauri haitoi ule mkopo wa asilimia kumi ya mapato yake. Zote zipo hadi leo. Ndani yake hamna kitu.

OFISA WA BENKI: Na kwa nini hamna kitu, mama?

MCHUUZI WA DAGAA: Kwa sababu fedha yangu haiji kwa namna mnayoitaka nyinyi. Inakuja vipande vipande tangu alfajiri, na inakamilika jioni mlango wenu ukiwa umefungwa. Hapo natoa ya mzigo wa kesho, natoa ya wanaonianikia, natoa ya chakula. Siku njema inabaki elfu ishirini. Siku mbaya inabaki elfu mbili. Elfu mbili siwezi kuipandia daladala kuipeleka mjini, maana kwenda na kurudi imeshaliwa nusu.

WAKALA: Lakini mama, mimi kibanda changu kipo hatua chache kutoka mezani kwako. Na kuweka kwangu hulipii hata senti.

MCHUUZI WA DAGAA: Kuweka silipii, baba, nalipia kutoa. Halafu mara ngapi nimekuja jioni na fedha yangu ukaniambia floti imeisha, nirudi kesho? Ile kesho sijawahi kuifikisha nzima. Usiku una wenyewe.

WAKALA: Hilo nakubali, na naomba nilieleze kwa sababu watu hudhani tunafanya makusudi. Mtaji wangu umegawanyika mara mbili: sehemu ni noti zilizo kwenye droo, sehemu ni floti iliyo kwenye simu au kwenye mashine. Mteja akiweka, floti yangu inapungua na noti zinaongezeka. Akitoa, kinyume chake. Sokoni kila mtu anaweka jioni na kila mtu anatoa alfajiri akafuate mzigo. Kwa hiyo jioni nimejaa noti, floti imekauka, na tawi la kwenda kuzibadilisha limefungwa. Alfajiri nina floti ya kutosha lakini droo tupu. Na ukumbuke kamisheni yangu inafuata ukubwa wa muamala. Mama ishirini wanaoweka elfu mbili mbili wananipa kazi kubwa na ujira mdogo kuliko mtu mmoja anayetoa laki tatu.

Nimempa wakala nafasi ndefu kwa makusudi. Katika mijadala ya maofisini huduma za fedha kwa wadogo huelezwa kana kwamba tatizo ni elimu, kwamba mama hajui faida ya benki. Mama anajua. Kinachomrudisha nyumbani na fedha yake ni floti iliyokauka jioni, na floti ni jambo la mtaji wa wakala na saa za kazi za tawi. Julai 2021 Benki Kuu ilipiga hatua nzuri ilipoondoa sharti la wakala wa benki kuwa na uzoefu wa biashara wa miezi 18, ikaweka badala yake kitambulisho au namba ya taifa. Vibanda vikaweza kuongezeka. Lakini kibanda kipya chenye floti ndogo kinakauka mapema zaidi kuliko cha zamani.

MTAFITI: Analosema mama kuhusu akaunti tupu lina ushahidi. Pascaline Dupas na wenzake watatu waliwapa watu wasiokuwa na akaunti, katika nchi za Uganda, Malawi na Chile, akaunti za msingi bila gharama ya kufungua, wakawafuatilia kwa miaka miwili. Walioweka fedha angalau mara tano katika muda wote huo walikuwa asilimia 17 Uganda, asilimia 10 Malawi na asilimia 3 Chile. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Kwa ujumla wao, maisha ya waliopewa akaunti hayakubadilika kwa kiasi kinachopimika. Utafiti mwingine, wa magharibi mwa Kenya, ulikuta asilimia 63 ya watu walifungua akaunti walipoondolewa gharama ya kufungulia, ila walioitumia kwa dhati walikuwa asilimia 18. Walipoulizwa sababu walitaja mambo matatu: hawaiamini benki, huduma haitabiriki, na kutoa kunatozwa.

OFISA WA BENKI: Basi, mwalimu, unatuambia tukunje majamvi? Tunatumia fedha nyingi kufungua akaunti hizo, na kila akaunti iliyolala ina gharama ya kuitunza.

MTAFITI: Sijasema hivyo. Nataka uniulize juu ya Bumala.

OFISA WA BENKI: Kuna nini Bumala?

MTAFITI: Bumala ni mji mdogo wa soko upande wa Busia, Kenya. Dupas na Jonathan Robinson waliwafungulia akaunti wanawake wauzaji wa sokoni na madereva wa bodaboda za baiskeli, katika benki ndogo ya kijiji. Sikiliza masharti yake: akaunti haikulipa riba hata kidogo, na kutoa kulitozwa. Maana yake fedha iliyolala mle ilikuwa inapungua. Kwa vitabu vya uchumi, hakuna mwenye akili timamu angeitumia.

OFISA WA BENKI: Na wakaitumia?

MTAFITI: Madereva haikuwasaidia kitu. Lakini sehemu kubwa ya wanawake wa sokoni waliitumia, na fedha waliyoiingiza katika biashara zao iliongezeka kati ya asilimia 38 na 56 katika miezi michache. Hawakupewa mkopo. Hawakufundishwa biashara. Walipewa mahali tu.

MCHUUZI WA DAGAA: Hilo halinishangazi, mwalimu. Nikuambie kwa nini. Fedha ikiwa kibindoni kwangu si yangu peke yangu. Shemeji akija na mtoto mgonjwa nitasema sina? Nitatoa, na ni haki nitoe, maana mimi pia nimetolewa. Lakini wapo wanaokuja na mgonjwa, na wapo wanaokuja na harusi, na wapo wanaokuja kwa sababu wamesikia nimeuza gunia saba kwa Mkongo. Fedha ikiwa imekwenda mahali, nasema kweli bila kutafuta uongo: mkononi nina elfu tano, chukua. Mume wangu ni mtu mwema, namshukuru Mungu, ila hata yeye akijua kuna laki mbili chini ya godoro, kila shida ya nyumba itapimwa kwa laki mbili zile. Mtaji wa dagaa unageuka bati la jiko.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote. Mwanamke wa Bumala alikuwa tayari kulipia kutoa fedha yake mwenyewe ili tu isiwe karibu naye. Hiyo ni taarifa kubwa kwa kila anayebuni akaunti. Wabunifu wengi hudhani mteja mdogo anataka kuifikia fedha yake wakati wowote, kwa kubonyeza tu. Kwa mchuuzi wa dagaa, fedha inayofikika usiku wa manane kwa kubonyeza ni fedha inayoweza kuombwa usiku wa manane. Anachotaka ni urahisi wa kuweka na ugumu kidogo wa kutoa, mpaka giza lirudi. Bidhaa nyingi zimejengwa zikiangalia upande mwingine kabisa.

MWEKA HAZINA WA KIKOBA: Sasa na mimi niseme, maana mnamzungumzia mwanachama wangu kana kwamba hana pa kuweka. Dada yangu huyu anaweka kwetu kila wiki. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Ananunua hisa, anachangia mfuko wa jamii, akikwama anakopa mpaka mara tatu ya hisa zake, na riba ya mkopo ule inarudi kwetu sote siku ya kugawana. Benki itampa nini zaidi ya hapo? Mfumo huu ulianzia Niger mwaka 1991, CARE wakifanya kazi na wanawake ambao hakuna benki iliyowatazama, na umeenea Afrika nzima bila tangazo la redio.

MCHUUZI WA DAGAA: Sitaki kukivunjia heshima kikoba, dada. Kimenisomeshea mtoto. Lakini kikoba kina mambo yake. Kwanza siku ya hisa ni Jumamosi, na fedha yangu inaharibika Jumanne. Pili, nikiweka sana watu thelathini wanajua nimeweka sana. Tatu, fedha ikishaingia hisa haitoki mpaka mwisho wa mzunguko. Nikitaka mtaji giza linapoanza, naambiwa nikope fedha yangu mwenyewe kwa riba.

MWEKA HAZINA WA KIKOBA: Riba ambayo nawe utaigawana.

MCHUUZI WA DAGAA: Nitaigawana Desemba. Giza linaanza Jumatatu.

MWEKA HAZINA WA KIKOBA: Haya, hapo umeniweza. Na mimi niseme la kwangu linaloninyima usingizi. Miezi miwili kabla ya kugawana, lile sanduku linakuwa na mamilioni, na linalala chini ya kitanda cha mtu. Kila tunapofika hapo naomba Mungu tu. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 tunatakiwa kusajiliwa, na tumesajiliwa. Lakini cheti cha usajili hakilindi sanduku lisivunjwe. Hapo ndipo tunapohitaji benki kweli, na hapo ndipo tunapoogopa kwenda.

OFISA WA BENKI: Mnaogopa nini?

MWEKA HAZINA WA KIKOBA: Makato tusiyoyaelewa. Na benki kufa.

OFISA WA BENKI: Mama, benki hazifi hovyo.

MWEKA HAZINA WA KIKOBA: Januari 2018 Benki Kuu ilizifungia benki tano kwa siku moja kwa upungufu wa mtaji: Covenant, Efatha, Njombe, Meru, na ile ya wakulima wa Kagera, jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa. Hizo ndizo zilizojiita benki za watu wadogo. Covenant ilianzishwa kwa ajili ya wanawake! Na kinga ya amana wakati ule iliishia shilingi milioni moja na nusu. Mwenye zaidi ya hapo aliambiwa asubiri ufilisi. Kikundi chetu kikigawana kinakuwa na zaidi ya hiyo mara kumi.

OFISA WA BENKI: Yote ni kweli, na sitayapunguza. Ila sema na upande wa pili. Mwaka huohuo Bank M ilikwama, na mwaka uliofuata shughuli zake zikahamishiwa Azania Bank na wateja wakahamia na amana zao. Na kiwango cha kinga kilipandishwa mwaka 2023 hadi milioni saba na nusu. Kwa mtu mmoja mwenye biashara ya meza, kiasi hicho kinafunika karibu kila alichonacho. Bodi ya Bima ya Amana ipo kwa ajili hiyo, na mteja halipii chochote. Wanaochangia ni benki.

MCHUUZI WA DAGAA: Mwanangu, nimefunguliwa akaunti mbili. Neno hilo la bima ya amana nalisikia leo.

Ofisa hakuwa na jibu, na nisingeweza kumtungia jibu la kweli. Benki inayotangaza mkopo wake kwenye kila ukuta wa mji inaweza kubandika karatasi moja kwa kila wakala wake: amana yako inalindwa hadi milioni saba na nusu, na hii ndiyo namba ya kuuliza. Kwa mtu ambaye jirani yake aliona benki ikifungwa, sentensi hiyo ina thamani kuliko bahati nasibu ya pikipiki.

WAKALA: Kuna hofu nyingine ambayo naiona kibandani kila siku na hamjaitaja. Mtu anauliza: nikipitisha fedha hapa, TRA wataiona?

MCHUUZI WA DAGAA: Na unamjibuje?

WAKALA: Huwa nanyamaza, mama.

MTAFITI: Tusinyamaze, tulifungue. Sheria inaipa TRA uwezo wa kudai taarifa za akaunti, na hata kuiagiza benki ilipe deni la kodi kutoka humo. Uwezo huo uliwahi kutumiwa kwa mkono mzito, hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipoukemea hadharani Aprili 2021, wiki chache baada ya kuapishwa, akizungumzia wafanyabiashara wanaofungiwa akaunti. Kwa hiyo woga huu haukutoka hewani. Lakini tuangalie na hesabu. Mwenye mauzo yasiyozidi milioni nne kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato kwa utaratibu wa makadirio.

MCHUUZI WA DAGAA: Milioni nne ni mauzo, mwalimu, si faida. Ni kama elfu kumi na moja kwa siku. Mimi naipita kabla ya saa mbili asubuhi, na faida yake haijai kiganja.

MTAFITI: Ndiyo maana nataka tufike kwenye daraja linalofuata. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2019, mwenye mauzo kati ya milioni nne na saba asiye na kumbukumbu hulipa laki moja. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia tatu ya kinachozidi milioni nne. Akiuza milioni tano, ni elfu thelathini. Kwa hiyo kumbukumbu inaweza kumpunguzia mtu elfu sabini, na mahali rahisi pa kuanzia kumbukumbu ni taarifa ya akaunti. Hili nalo hakuna anayemwambia.

MCHUUZI WA DAGAA: Unaniambia leo elfu thelathini. Mwaka 2021 tuliamka Julai tukakuta tozo kwenye simu. Hakuna aliyetuita kwenye mkutano. Nilimtumia mama yangu kijijini fedha ya mbolea, makato yakanifanya nihesabu mara mbili. Sasa mtu akiweza kukata fedha yangu kwa kuamka tu asubuhi, kwa nini nisiirudishe kibindoni?

Kwa wasiokumbuka vizuri: tozo ile ilianza tarehe 15 Julai 2021, ikianzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala juu ya gharama za kawaida za kampuni. Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2022 ikapunguzwa tena, lakini safari hiyo ikaingizwa na miamala ya benki, mpaka kelele zilipoilazimisha Serikali kuilegeza kuanzia Oktoba. Sina ugomvi na nchi kukusanya kodi ya barabara na zahanati. Ugomvi wangu ni na kuikusanya kwenye kitendo kilekile ambacho kwa miaka kumi tumewabembeleza watu wakizoee. Imani ya mchuuzi hujengwa kwa miamala mia mbili iliyokwenda sawa, na kato moja la ghafla linatosha kumrudisha mwanzo.

OFISA WA BENKI: Naomba niseme jambo ambalo kwa kawaida hatulisemi. Amana ndogo zinatugharimu. Mama akiweka elfu mbili mara ishirini kwa mwezi, gharama ya mfumo, ya wakala na ya ujumbe wa simu inakaribia kile tunachopata kwa kuitumia fedha hiyo. Tunafungua akaunti hizi tukitarajia siku moja atakopa. Faida iko kwenye mkopo.

MTAFITI: Asante kwa ukweli huo. Na ndio unaoeleza kwa nini matangazo yote ni ya mkopo. Lakini hesabu yako ina upande mwingine. Riba mnayolipa kwenye akaunti ya akiba ya kawaida, kwa wastani wa benki zetu, kwa miaka ya karibuni imekuwa karibu asilimia tatu au pungufu. Mikopo mnatoza karibu asilimia kumi na tano. Mfumuko wa bei peke yake unakaribia kuimeza riba yote ya akiba. Mama akiwakopesha nyinyi anapata mabaki, nyinyi mkimkopesha yeye mnakula shibe.

WAKALA: Na fedha iliyomo kwenye simu?

MTAFITI: Ile inawekwa benki katika akaunti maalumu za udhamini, nazo huzaa riba. Tigo Pesa walianza kuwagawia wateja wao riba hiyo mwaka 2014, jambo ambalo lilikuwa geni duniani. Mwaka 2021 Benki Kuu iliweka ukomo: riba ya akaunti hizo isizidi ile inayolipwa kwenye akaunti za akiba. Lengo lilikuwa kupunguza gharama ya fedha kwa benki ili mikopo ishuke. Lakini tazama mzigo umeangukia nani. Wenye fedha nyingi hujadiliana riba ya amana zao wenyewe na benki. Mwenye elfu kumi kwenye simu hana wa kujadiliana naye.

MWEKA HAZINA WA KIKOBA: Ndiyo maana hisa zetu zinalipa kuliko benki.

MTAFITI: Zinalipa kwa sababu mnakopeshana wenyewe kwa riba kubwa. Mwaka ambao wawili wamekimbia na mkopo, hazilipi.

MWEKA HAZINA WA KIKOBA: Na hilo tumeliona. Sikatai.

OFISA WA BENKI: Basi mama, tuache lawama. Ungepewa kalamu, akaunti yako ungeiandikaje?

MCHUUZI WA DAGAA: Kwanza iwe na jina la biashara yangu bila kunizungusha. Nilipouliza akaunti ya biashara nilitakiwa jina lililosajiliwa BRELA, TIN, leseni, na ili nipate leseni nionyeshe pango. Mimi meza yangu iko chini ya mwavuli. Kwa hiyo fedha ya dagaa ikaingia kwenye laini yangu ya simu pamoja na ada ya mtoto na mchango wa msiba, na mwisho wa mwezi siwezi kukuambia dagaa wamenipa nini. Pili, wakala awe na floti jioni. Tatu, kuweka nisikatwe, na kusiwe na ada ya kila mwezi ya kunilia usingizini. Kutoa, nikatwe kidogo, sawa. Tena nataka niwe na uwezo wa kuifunga mwenyewe mpaka tarehe ya giza, nikikuomba kabla ya hapo unikatalie.

OFISA WA BENKI: Kuifunga inawezekana. Akaunti za kuweka kwa muda tunazo.

MCHUUZI WA DAGAA: Kima cha chini?

OFISA WA BENKI: Hapo ndipo penye kazi. Kiwango cha kuanzia kimepangwa kwa mtu mwingine, si kwako.

MWEKA HAZINA WA KIKOBA: Na sisi wa kikoba tunataka akaunti yenye funguo tatu kama sanduku: haitoki shilingi mpaka watatu tuidhinishe, kila mmoja kwa simu yake, na ujumbe wa salio uwafikie wanachama wote, si mwenyekiti peke yake.

Akaunti za vikundi zenye waidhinishaji zaidi ya mmoja hazihitaji uvumbuzi wowote wa mitambo, na wala siyo ndoto kuziwekea bei ya kikoba. Kinachokosekana ni sababu ya kumfanya meneja wa tawi azitafute. Meneja hupimwa kwa idadi ya akaunti alizofungua na ukubwa wa mikopo aliyotoa. Ndiyo maana kijana wa fulana na kalamu alifika Mwaloni mara moja na hakurudi: kazi yake iliisha siku akaunti ilipofunguka. Ile ya kikundi nayo ilifunguliwa kwa ajili ya mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilikuwa njia ya kupitishia fedha ya kushuka kutoka juu. Hakuna aliyewaza kwamba wanawake wale wana fedha yao wenyewe ya kupandisha.

Hukumu yangu ni hii. Nchi yetu imefanikiwa kuwapa watu wadogo namna ya kutuma fedha, na inakimbilia kuwapa namna ya kukopa. Kuweka kumerukwa, na ushahidi wa Bumala unasema mwanamke wa sokoni huanza kukua pale anapopata mahali pa kuweka. Anayesema mchuuzi hana cha kuweka akasimame Mwaloni jioni moja ya giza, aone noti zinavyohesabiwa.

Kwa Benki Kuu naomba jambo moja lililo ndani ya uwezo wake: kila benki ichapishe kila robo mwaka ni akaunti ngapi za wafanyabiashara wadogo zilizowekewa fedha angalau mara tano katika miezi hiyo mitatu, na ni ngapi hazikuguswa. Tukiziona namba hizo, tutajua benki ipi inafanya kazi na ipi inagawa kalamu. Kwa halmashauri naomba usajili wa kikundi na barua ya mtendaji vitoshe kumfungulia mwenye meza akaunti ya jina la biashara yake, mpaka mauzo yake yatakapofika mahali pa kumtaka leseni kamili. Kwa benki, bandikeni ile karatasi ya milioni saba na nusu, na muongezeeni wakala floti ya jioni kwa mkopo wa usiku mmoja. Fedha hiyo inarudi alfajiri.

Na wewe mama au kaka mwenye meza, kesho ukimkuta ofisa wa benki sokoni, kabla hujampa kidole chako muulize maswali manne: kuweka nakatwa ngapi, kila mwezi nakatwa ngapi, kutoa nakatwa ngapi, na benki yenu ikifungwa nalipwa na nani, kiasi gani. Akishindwa kukujibu mojawapo, usimpe.